Kadi 80 za kicheni pati, gundi inayovimbisha karatasi, na moyo unaochungulia nje

Swali lililonifikia: "Shikamoo mama. Niko Dodoma, mdogo wangu ana kicheni pati miezi miwili ijayo na nimejitolea kutengeneza kadi za mwaliko 80 kwa mkono, tuokoe hela. Nimejaribu kumi, zote mbaya. Nikikunja karatasi ngumu inapasuka kwenye mkunjo na kubaki na weupe, nikipaka gundi karatasi inafanya mawimbi, na ule moyo wa kusimama ndani, kadi ikifungwa unachungulia nje. Nimekata mistari ya sentimita 4, moyo wenyewe una urefu wa sentimita 9. Alafu nataka nimtengenezee mama albamu ya picha zake za zamani nimpe siku hiyohiyo. Sina mashine, nina mkasi, rula na kisu tu. Nisaidie."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujitolea, kadi 80 si mchezo. Kabla sijaenda mbali nikwambie kitu kimoja ambacho nimekirudia kwa kila mtu niliyemfundisha kazi hii ya karatasi: mkono wako hauna tatizo. Matatizo yako yote matatu yanatoka sehemu moja, yaani bado hujaijua karatasi unayoishika. Watu kadi ikiwatoka vibaya wanakimbilia kuongeza glita, wanaongeza ua, wanaongeza riboni, na kadi inazidi kuwa mbaya, kumbe mgeni akiishika cha kwanza anachokiona ni mkunjo na kingo zake. Mkunjo ukiwa safi na kingo zikiwa zimenyooka hata usipopamba chochote kadi inaonekana ya mtu anayejua kazi.

Sasa tuanze na huo mkunjo. Karatasi imetengenezwa na nyuzinyuzi za miti, na ikiwa kiwandani inapita kwenye mashine kwa kasi, zile nyuzi nyingi zinalala upande mmoja, ule ambao mashine inakwenda. Kwa hiyo karatasi ina mwelekeo kama kuni. Kuni ukiipasua kwa urefu inapasuka vizuri yenyewe, ukitaka kuikata kwa upana lazima utafute msumeno. Karatasi hivyohivyo, ukiikunja kufuata nyuzi inakubali na mkunjo unakuwa laini, ukiikunja kwa kuzikatisha nyuzi zinavunjika, ndo hapo unaona huo weupe na mchaniko, na kadiri karatasi inavyokuwa nene ndivyo inavyoonekana zaidi.

Utajuaje nyuzi zimelala wapi? Chukua karatasi, usiikunje, iinamishe tu taratibu kwa viganja kama unataka kuikunja katikati, sikiliza mkono unavyosukumwa. Igeuze uiinamishe upande wa pili. Upande ule uliokuwa mlegevu, mstari wa ule mwinamo ndo mwelekeo wa nyuzi. Kama bado una wasiwasi chana kipande cha pembeni, kikichanika kinyoofu umefuata nyuzi, kikienda zigizaga umezikatisha. Au kata kipande kidogo cha mraba, weka alama upande mmoja kwa penseli, kilowanishe uso mmoja, kitajiviringa kama bomba, na urefu wa hilo bomba ndo mwelekeo. Mi hiki cha maji nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakibishaniwi.

Hapa sasa ndo penye siri ya kadi zako kumi. Karatasi za A4 tunazouziwa steshenari mara nyingi nyuzi zake zinafuata ule urefu wa sentimita 29.7 (pima zako lakini, zipo za kinyume). We nadhani ulikata na kukunja bila kupima nyuzi zimelala wapi, si ndiyo? Mkunjo ukizikatisha nyuzi, hata fundi wa miaka thelathini ingempasukia. Fanya hivi, kata A4 nusu kwanza, upate vipande viwili vya sentimita 21 kwa 14.8, alafu kila kipande ukikunje katikati kipate sentimita 10.5 kwa 14.8. Mkunjo wako sasa unakwenda sambamba na nyuzi. Ni karatasi ileile, kisu kilekile, ila kadi inajikunja kama imezaliwa hivyo, na kila A4 inakupa kadi mbili, kwa hiyo kadi 80 zinataka A4 40 tu, nunua 45 kwa ajili ya kuharibu. Na hicho kipimo ndo A6, bahasha yake ipo tayari madukani, inaitwa C6, sentimita 11.4 kwa 16.2, hutahangaika kutengeneza bahasha kama muda ni mdogo.

Ukiwa dukani usiombe "karatasi ngumu" tu, maana utapewa yoyote iliyopo. Uliza gramu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ukiishika A4 yake moja ina uzito wa gramu 5 hivi. Kwa kadi ya kukunja kwa mkono omba ya gramu 160 mpaka 200. Zile za 300 zinapendeza machoni lakini bila mashine ya kupiga mistari zitakutesa, ziache.

Hata ukifuata nyuzi, karatasi ya gramu 200 usiikunje kikavu. Ipigie mstari kwanza. Tafuta kalamu ya wino iliyoisha, iliyoisha kabisa, iandike kwenye gazeti uhakikishe, maana kalamu yenye tone moja la mwisho itakuharibia kadi ya sabini na tisa. Weka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa ili pawe na ulaini chini, weka rula, vuta kalamu kwa kukandamiza mara mbili tatu, utaona mfereji. Sasa kuna kosa hapa ambalo wengi wanalifanya na hata mi nililifanya miaka mingi mpaka mzee mmoja wa kiwanda cha uchapaji akanirekebisha: mfereji ule unakaa NJE ya kadi, siyo ndani. Unapopiga mstari, upande wa pili wa karatasi panatokea kituta kidogo, hicho kituta ndo kinatakiwa kiwe ndani ya mkunjo. Inaonekana kama kinyume lakini ijaribu kwa vipande viwili uone mwenyewe, ule wa kituta ndani haupasuki. Ukimaliza kunja pole pole, halafu sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko ukiwa umeweka karatasi nyingine juu, ukisugua moja kwa moja kadi inabaki na mng'ao pale uliposugua.

Na kama kadi utazichapisha maneno au rangi kwenye printa ya leza kabla ya kukunja, acha pale kwenye mkunjo pawe peupe. Rangi ya leza haiingii ndani ya karatasi, ni unga wa plastiki unaoyeyushwa ukagandia juu, kwa hiyo ukikunja unabanduka hata kama karatasi yenyewe iko salama.

Tuje kwenye gundi. Mawimbi yanatoka kwenye maji. Gundi nyeupe ile ya mbao, na nyingi za watoto wa shule, zina maji, nyuzi zinayanywa zinavimba, na zinavimba kwa unene wake siyo kwa urefu, ndo maana karatasi inatanuka upande mmoja zaidi na kufanya mabonde. Ikikauka inasinyaa, inavuta na ile karatasi ya chini, kadi inapinda kama ganda la mti. Kwa hiyo ukibandika karatasi juu ya karatasi hakikisha nyuzi za zote mbili zinaelekea upande mmoja, hapo zikivuta zinavuta pamoja.

Ila kwa kadi zako 80 ushauri wangu wa kweli ni utumie gundi ya maji kidogo sana au usiitumie kabisa. Selotepu ya pande mbili ndo rafiki yako, haina maji, haisubiri kukauka, na inakaa sawa siku hiyohiyo. Ya pili ni gundi ya kijiti, ile ya kusokota, pakaa kuanzia katikati kwenda nje ukiwa umelaza kipande juu ya karatasi chakavu, na karatasi chakavu ibadilishe kila mara, usiwe mvivu hapo, madoa ya gundi yanaanzia hapo. Gundi nyeupe ibakize kwa vitu vidogo vizito kama shanga na vifungo, na hata hapo ni tone kwa kijiti cha kiberiti. Kama ni lazima uipake eneo kubwa, ipake nyembamba kwa kipande cha kadi kama unavyopaka siagi, bandika, funika kwa karatasi ya nailoni, weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Usiharakishe kwa jua! Jua linakausha uso mmoja kabla ya mwingine na kadi inajikunja mbele ya macho yako.

Hili la kukauka nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja wakati wa masika, nikiwa Dar, nilipewa kazi ya kadi 150 za harusi, hewa ina unyevu mpaka chumvi inalowa mezani, nikazibandika usiku nikazipanga moja juu ya nyingine nikaenda kulala. Asubuhi zilikuwa zimeshikana kama mkate, nilipozitenganisha zaidi ya nusu zilichunika. Nilikaa siku tatu sijalala kuzirudia na mteja hakujua. We uko Dodoma, hewa kavu, gundi yako itakauka haraka mpaka inaweza kukauka kabla hujabandika, kwa hiyo paka kipande kimoja kimoja usipake kumi ndo ubandike. Lakini kuzipanga bila karatasi katikati, usithubutu hata huko.

Sasa huo moyo. Kumbe ulinipa vipimo, asante sana, maana umerahisisha. Ule moyo umeubandika kwenye kisanduku kinachotokea pale unapokata mistari miwili kwenye mkunjo na kukisukuma ndani, si ndiyo? Kisanduku hicho kinaanzia umbali ule uliokata. Umekata sentimita 4, basi miguu ya moyo iko sentimita 4 kutoka kwenye mkunjo. Kadi ikifungwa moyo unalala kwenda mbele, kwa hiyo ncha yake inafika 4 kujumlisha 9, ni 13. Tuseme kadi yenyewe ina upana wa sentimita 10.5, kama hii niliyokupangia. Lazima ichungulie, sentimita mbili na nusu ziko nje! Hesabu ni hiyo tu na haibadiliki kwa kadi yoyote: urefu wa ulichokata jumlisha urefu wa picha, jibu liwe dogo kuliko upana wa kadi, na uache japo nusu sentimita ya usalama. Kwako kata sentimita 2.5 na moyo uwe na urefu wa 7, inafika 9.5, inakaa vizuri. Na upana wa kisanduku usizidi theluthi ya moyo ili kisionekane kwa mbele.

Kitu kingine, kisanduku usikikate kwenye karatasi ya nje ya kadi. Ukikata hapo mtu akiangalia mgongo wa kadi anaona tundu. Kisanduku kikate kwenye karatasi ya ndani ya gramu 120 hivi, yenye rangi tofauti, ndogo kidogo kuliko kadi, tuseme sentimita 20.4 kwa 14.2, nayo nyuzi zake zifuate mkunjo. Kisha uibandike ndani ya kadi kwa selotepu ya pande mbili kwenye kingo tu, nyuma ya kisanduku usiweke gundi hata chembe, la sivyo kinagoma kusimama. Bandika upande mmoja kwanza, weka selotepu upande wa pili uiache wazi, alafu ifunge kadi ikiwa na kisanduku kimesukumwa ndani, yenyewe itajibandika mahali pake. Ukiibandika kadi ikiwa wazi mezani, ikifungwa karatasi ya ndani inakunjamana. Na jua kwamba moyo wa namna hii unasimama kadi ikifunguliwa nusu, kama kitabu kinachotaka kufungwa, ukiilaza kabisa moyo nao unalala. Ndo ulivyo, si kosa lako.

Sasa mapambo, na hapa nina mengi ya kusema. Naona watu wanatafuta picha kwenye simu wanaiga maua ya waridi na njiwa wa wenzetu, wakati kabatini kwa mama kuna kanga. Kanga imeshatatua tatizo lote la kupanga kadi. Ina pindo pembeni linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno, chini ya mji. Pindo, mji, jina. Panga sura ya kadi yako hivyohivyo: mpaka mwembamba unaozunguka, pambo moja kubwa katikati, na maneno machache chini ndani ya kisanduku chake. Kicheni pati ni shughuli ya kina mama, mgeni akiipokea anaijua papo hapo hata kabla hajasoma. Hakuna haja ya kuongeza kingine.

Pindo utalipata wapi kwa kadi 80? Bamia. Kata bamia kwa upana, utaona nyota ya pembe tano na vyumba vya mbegu ndani yake, ni muhuri umeumbwa tayari. Toa mbegu, uweke kichwa chini kwenye kitambaa dakika kama kumi ute upungue, weka rangi ya maji nzito kwenye sponji iliyolala kwenye kisahani, gonga bamia kwenye sponji, gonga kwenye kadi. Usichovye kwenye rangi moja kwa moja, inajaa matundu na kutoa doa. Bamia moja inapiga mihuri kama ishirini inachoka, unakata kipande kingine mbele kidogo. Bamia nyembamba kwa pindo, nene kwa mji. Kiazi nacho unakichonga, kina maji mengi kwa hiyo kifute kila mara, na ukitaka kitu cha kudumu tafuta filamu ya eksirei ya zamani, ichonge umbo kwa kisu, inakuwa kielelezo cha kupakia rangi ambacho hakilowi, unakifuta unaendelea, mi ninacho kimoja cha korosho nimekitumia mpaka nimesahau nilikichonga lini.

Njia nyingine ninayoipenda ni kusuka karatasi, na hii usiogope, kama umewahi kukaa na bibi anayesuka ukili unaijua tayari. Chukua kipande cha mraba cha sentimita 7, kichanje mistari ya upana wa nusu sentimita bila kufika mwisho upande mmoja, kisha pitisha vipande vya rangi nyingine juu chini juu chini. Ukipitisha juu ya viwili chini ya viwili, na kila mstari ukasogeza hatua moja, unatokea ule mlalo wa mkeka. Bandika kwa nyuma, alafu juu yake weka karatasi ya kadi iliyokatwa dirisha la moyo, ule mkeka unaonekana kupitia dirishani. Hii usifanye 80, utachoka, ifanye kwenye kadi ya mama mkwe na za wazee wachache. Maganda makavu ya mgomba nayo, yale ya rangi ya kahawia yanayojibandua shinani, yapige pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa, yanakuwa kama karatasi yenye michirizi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitengeneza, yakate umbo la chungu au kinu uyabandike kwa gundi nyeupe nyembamba. Na shanga za karatasi kama zile maarufu za Uganda, pembetatu ndefu sentimita 25 kitako sentimita 1.5, anzia kitakoni kuiviringisha kwenye kijiti cha meno, gundi iwe sehemu ya mwisho tu, moja inatosha kufungia utepe wa kadi.

Kwa kazi ya 80 usitengeneze kadi moja mpaka iishe ndo uanze nyingine. Tengeneza moja kamili kwanza, mpe mtu ambaye hajaiona aifungue mwenyewe, mwangalie mikono, pale anaposita ndo penye kasoro. Ukiridhika tengeneza vipimo vyote kwa manila, yaani kipande cha kuonyesha mkunjo, cha kuonyesha moyo, cha kuonyesha pindo, na uache rula kabisa, rula ukiisoma mara 80 lazima utakosea. Siku ya kwanza kata zote, siku ya pili piga mistari yote na kukunja, siku ya tatu mihuri, na hivyo. Kisu badilisha wembe mapema kuliko unavyodhani, karatasi inafubaza chuma haraka sana na wembe butu hauchani, unararua. Pitisha kisu mara tatu kwa wepesi kuliko mara moja kwa nguvu, rula ya chuma siyo ya plastiki, chini weka boksi nene, siyo kioo.

Haya, albamu ya mama. Hapa naomba uniangalie vizuri maana kadi ikiharibika unarudia, picha ya mama yako akiwa msichana haina nyingine. Kabla hujashika gundi zipige picha zote kwa simu, mchana, karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, uzihifadhi sehemu mbili. Kisha picha halisi usizipake gundi yoyote, wala selotepu. Selotepu baada ya miaka inakuwa ya njano, gundi yake inapenya kwenye picha na doa halitoki. Zile albamu za zamani za kurasa zenye kunata na plastiki ya kufunika ndo zimeua picha nyingi za familia zetu, kama picha za mama ziko humo usizing'oe, pitisha uzi mwembamba au ule uzi wa meno kati ya picha na ukurasa, usukume taratibu mbele na nyuma kama msumeno. Ikigoma iache, ipige picha ilivyo.

Kwenye albamu yako picha zikae kwa pembe. Ziko mbili rahisi. Ya kwanza, weka picha kwenye ukurasa, weka alama za pembe nne kwa penseli, ondoa picha, chanja mstari wa mshazari wa sentimita 2 kila pembe, ingiza pembe za picha humo. Basi. Picha inatoka ukitaka na haijaguswa na chochote. Ya pili ni nzuri zaidi machoni: kata vipande vya karatasi sentimita 2.5 kwa 5, kunja kila upande kuelekea chini mpaka vikutane katikati, unapata pembetatu yenye mfuko, ivishe kila pembe ya picha, gundi iguse ukurasa na mgongo wa pembetatu tu.

Kurasa ziwe manila ya gramu 200 hivi, nyeupe ya maziwa au nyeusi, kavu, na tena nyuzi zifuate upande wa mgongo wa albamu, la sivyo kurasa zitagoma kulala. Magazeti ya zamani usiyaweke humo hata yawe na habari ya familia, karatasi ya gazeti ina mabaki ya mti ambayo yanageuka njano na kuchafua kilicho jirani, toa fotokopi uweke hiyo. Kuna kosa la albamu ambalo utaligundua ukiwa umeshachelewa: picha zina unene, ukishajaza kurasa 20 albamu inafumbuka kama mdomo wa mamba. Dawa yake ni vipande vya manila vya upana wa sentimita 3, vyenye urefu wa ukurasa, unaweka kimoja kati ya kila kurasa mbili upande wa mgongo, vinajaza ule unene. Toboa mashimo manne kwa msumari mwembamba sentimita 1.5 kutoka ukingoni, pitia mashimo kwa uzi mnene uliopakwa nta ya mshumaa, uzi uwe na urefu mara nne ya mgongo. Na kila ukurasa upigie mstari wa kalamu iliyoisha wino, sentimita 4 kutoka mgongoni, hapo ndo utakapokunjikia ukifunguliwa.

Kama utataka gundi ya kuvishia jalada kitambaa cha kanga, pika ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha unga kwa vitano vya maji baridi, koroga mabonge yaishe ndo uweke motoni, ikoroge mpaka iwe nzito na kuanza kung'aa, ipoe. Inachacha baada ya siku chache, tone mbili za mafuta ya karafuu zinaisaidia kukaa. Ukivisha jalada nje, ndani yake nako bandika karatasi, usipofanya hivyo jalada litavutwa upande mmoja litapinda, mchezo uleule wa kwenye kadi.

Nyuma ya kila picha, au bora pembeni yake kwenye ukurasa, andika kwa penseli laini nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino inapenya mbele. Na kwa kuwa ni zawadi ya kushtukiza na huwezi kumuuliza mama mwenyewe, muulize mama mdogo au shangazi sasa hivi, usingoje wiki ya shughuli maana hapo hamna atakayekuwa na muda wa kukaa na wewe.

Albamu uifunge kwa karatasi ya kaki, na juu ua la kukunja kama feni: ukanda wa upana wa sentimita 5 na urefu wa 45, marinda ya sentimita moja moja, unganisha ncha mbili, bonyeza katikati, bandika kiduara nyuma na mbele. Wengi ukanda wao unakuwa mfupi ndo maana ua linakataa kulala, kwa 5 za upana usikate chini ya 40.

Kadi zikiisha ziache usiku mzima zikiwa zimefungwa chini ya vitabu, na karatasi kati ya kila moja, ndo uziingize kwenye bahasha. Na ingiza upande ulio wazi ukitangulia chini, mkunjo ubaki juu mdomoni, mtu akiivuta kutoka kwenye bahasha asishike moyo kwa kucha.